Mizani na Vina: Maneno Yanayotaka Sikio

Wana wetu shuleni hukariri istilahi za ushairi kama wanavyokariri miji mikuu ya nchi za mbali, na mtihani ukipita, zote husahaulika. Sababu yake, tuonavyo sisi, ni kwamba istilahi hizi zilizaliwa sikioni, nao hufundishwa kuzitafuta kwa jicho.

Tuanze na mizani. Wengi huhesabu irabu tu, wakakosea. Tazama mshororo huu tuliousuka wenyewe: "Mvuvi akenda pwani, hurudi na kitoweo." Ahesabuye irabu atapata saba upande wa kwanza. Tamka polepole, nawe utasikia m-vu-vi, mizani tatu, na jumla yake nane. Lakini mvua ni mvu-a, mizani mbili tu, ijapokuwa yaanza kwa herufi zile zile. M ya mvuvi husimama peke yake, kwani asili yake ni mu; ya mvua huegemea v iliyo mbele yake. Kanuni hii ni nzito kwa kalamu, ila bibi asiyejua kusoma huifuata bila kukosea.

Kipande cha kwanza cha mshororo ni ukwapi, cha pili utao. Ile "ni" ya pwani ni kina cha kati, na "o" ya kitoweo kina cha mwisho. Mishororo minne hufanya ubeti wa tarbia, kutokana na arbaa ya Kiarabu. Mitatu ni tathlitha, mitano takhmisa. Ubeti nao watokana na bayt, yaani nyumba. Kwa Waarabu bayt ya shairi ni mstari mmoja. Sisi Waswahili tumeipanua nyumba.

Utenzi una desturi yake, na hapa twapenda kukaa kidogo. Ubeti wake huwa na mishororo minne mifupi, mizani nane kila mmoja. Mitatu ya kwanza hulingana vina. Wa nne hubeba kina kirudicho katika kila ubeti tangu mwanzo hadi mwisho, nacho huitwa bahari. Mwana Kupona wa kisiwa cha Pate, akiwa mgonjwa mwaka 1858, alimwusia bintiye Mwana Hashima kwa utaratibu huu. Hakuwa akitafuta pambo. Binti akisahau neno, kina humwelekeza alipo. Mizani ikipungua, sikio humshtua. Mama aliyejua kuwa huenda hatakuwapo kusahihisha aliwaachia vina kazi hiyo.

Limebaki neno kituo. Ni mshororo wa mwisho wa ubeti wa shairi. Ukirudiwa bila kubadilika huitwa kibwagizo, au kiitikio, kwa kuwa wasikilizaji ndio wanaoupokea. Majumbani mwetu leo msomaji ni mmoja, tena asoma kimya. Usiku mmoja wiki hii, baada ya chakula, mkubwa na asome kwa sauti, wadogo waitikie, na mmoja wao ahesabu mizani kwa vidole.