Siku mabomu ya Gaddafi yalipoangukia Saanane

Watu wa Mwanza wakisimulia siku ile, wengi huanza na swala. Mwishoni mwa Machi 1979, ndege kubwa ya mabomu ya Libya ilifika juu ya mji ikiyawinda matangi ya mafuta. Ikakosa shabaha. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama kadhaa na kumjeruhi kidogo mfanyakazi mmoja. Tangu hapo kisa hicho kimekuwa cha kuchekesha vijiweni: Gaddafi na ubabe wake wote, aliowaweza ni swala.

Kicheko hicho nakielewa. Taifa lililokuwa vitani na Uganda, lenye foleni za sukari na sabuni, lilihitaji la kuchekea. Lakini miaka zaidi ya 40 imepita na naona kicheko kimefunika jambo zito. Nenda Kapripoint usimame ukingoni mwa ziwa. Saanane iko mbele yako, mawe yake unayaona moja moja, na kati yako na kisiwa kuna maji kidogo tu ambayo boti huyavuka kwa dakika chache. Aliyekosea kwa umbali ule kuelekea kisiwani angeweza kukosea vivyo hivyo kuelekea mjini, na mjini kulikuwa na soko, shule na nyumba zilizobanana vilimani. Na je, kama asingekosea kabisa? Matangi ya mafuta yakishika moto hayaungui peke yake. Mwanza iliponea chupuchupu.

Wala ndege yenyewe haikuwa ya mchezo. Ilikuwa Tu-22, iliyoundwa na Wasovieti kwa ajili ya vita vya mataifa makubwa: urefu wake unapita mita 40, inarushwa na watu watatu, injini zake mbili zimebebwa juu, mkiani, na inaweza kwenda kasi kuliko sauti. Maana yake ni kwamba ikija kwa kasi hiyo, aliye chini hapati onyo la mlio. Mlio unafika ndege imekwishapita.

Ilikujaje Libya kupigana juu ya Ziwa Victoria? Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda. Kesho yake Mwalimu Nyerere akalieleza taifa kwamba tunao uwezo wa kumpiga, sababu tunazo na nia tunayo. JWTZ ilipowasukuma wavamizi hadi ndani ya Uganda, Gaddafi alimtumia rafiki yake Amin askari na silaha, na mwezi Machi vijana wetu wakakutana na Walibya ana kwa ana huko Lukaya. Halafu Libya ikaipa Tanzania saa 24 iondoke Uganda. Mwalimu akaitangazia nchi tishio hilo redioni, akasema halibadilishi chochote katika msimamo wa serikali kuhusu Amin. Ndege ya Mwanza ilikuja kututia woga.

Watu wa Bukoba walikuwa wameonja mapema zaidi. Oktoba 18, 1978, kabla hata uvamizi wenyewe haujaanza rasmi, ndege za Amin aina ya MiG zilipiga mabomu mji huo. Vitabu vinasema uharibifu ulikuwa mdogo, ila vishindo vilivunja vioo vya madirisha na watu wakataharuki. Uharibifu mdogo! Shangazi yangu alikuwa jikoni akimenya ndizi. Alichokisikia si mlio wa ndege bali ukuta kutikisika, kisha dirisha likamwagika ndani ya sufuria. Anasimulia jinsi alivyookota vigae vya kioo, akaziosha ndizi moja moja, akaziosha tena, mwisho akazimwaga nje kwa sababu kulikuwa na watoto. Siku hiyo nyumba nzima ililala njaa, na usiku wakahamia kulala mgombani. Katika hesabu za vita, hilo linaandikwa kuwa ni vioo.

Hofu ya ndege haifanani na hofu ya askari wa miguu. Askari anapita barabarani, unaweza kumkimbia au kujificha. Ndege unaikimbia kwenda wapi? Na kulikuwa na mateso mengine ambayo wazee hawayatilii mkazo mpaka uwaulize: aliye chini hakuweza kutambua ndege ipi ni ya nani. Uganda ilikuwa na MiG-17 na MiG-21. Nasi tulikuwa na MiG-21, pamoja na ndege za Kichina zilizoundwa kwa kufuata umbo la MiG. Mwanza kulikuwa na kituo cha ndege za vita, kwa hiyo kila zilipopaa zetu, mama aliyekuwa sokoni alilala chini kama aliyeona za adui. Ninashuku kuwa baadhi ya wanaoapa waliiona ile ya Gaddafi kwa macho waliona zetu. Silitaji hilo kwa kuwabeza. Mioyo yao ilidunda vilevile.

Kule Kyaka ndege za Amin zilijaribu kulivunja daraja la Mto Kagera zikashindwa, hadi akaletwa mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe akalilipua. Nasi hatukukaa kimya. Siku chache baada ya Saanane kupigwa, ndege zetu zilipaa kutoka Mwanza zikapiga hifadhi ya mafuta Jinja, Uganda. Jinja nako kulikuwa na akina mama jikoni, na kumbukumbu zao ni sehemu ya vita hivi kama za kwetu.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Wanajeshi wetu waliokufa tumewapa heshima yao. Makaburi ya Kaboya wilayani Muleba yanatunzwa, na taifa huwakumbuka mashujaa kila Julai 25. Saanane, iliyopewa jina la mzee aliyeishi hapo kabla ya kisiwa kugeuzwa bustani ya wanyama mwaka 1964, tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Hayo yote ni mema. Lakini raia waliokuwa chini ya ndege zile, hadithi yao haina makaburi wala jengo. Iko vichwani mwao tu, na aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amepita katikati ya sitini.

Kwa hiyo msomaji, kama una mzazi, shangazi au babu aliyekuwa Bukoba, Kyaka, Mwanza au Jinja mwaka ule, usingoje msiba ndipo uulize. Kaa naye wikiendi hii, washa kinasa sauti cha simu, umuulize alikuwa wapi, alisikia nini, alikimbilia wapi na alimbeba nani. Usimkatishe, usimsahihishe tarehe. Kisha nakala moja ibaki kwa wajukuu, nyingine uipeleke maktaba ya mkoa wako.