Je, Wajua? Kirusi cha Kikombozi

Je, wajua kwamba mtu aliyeshtakiwa kwa kutunga kirusi cha kwanza cha kompyuta cha kudai kikombozi alifanya kazi Kenya? Joseph Popp, Mmarekani msomi wa Harvard, alikuwa mshauri wa Shirika la Afya Duniani nchini na alishirikiana na madaktari wa ndege wa AMREF, shirika lenye makao Nairobi.

Desemba 1989, diski zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London, zikijinadi kuwa na habari za UKIMWI. Aliyeipachika kwenye kompyuta aliulizwa maswali ya kupima hatari ya kuambukizwa. Kirusi nacho kilijificha kikihesabu. Kompyuta ilipowashwa mara 90 hivi, majina ya faili yalivurugika na mwenyewe akatakiwa kutuma dola 189 kwa sanduku la posta huko Panama. Popp alishtakiwa Uingereza, lakini mwaka 1991 ikaamuliwa kwamba afya yake ya akili haimruhusu kukabili kesi.

Kirusi hicho kilikuwa na kasoro. Kilivuruga majina ya faili tu, si yaliyomo, na siri ya kuyarejesha ilikuwa ndani ya kirusi chenyewe. Mwingereza Jim Bates alikichambua na kuandika programu ya kukitibu.

Virusi vya leo vimeziba kasoro hiyo. Funguo ni mbili: wa kufungia hutumika kwenye kompyuta yako, wa kufungulia hubaki kwa mhalifu. Ndiyo maana fundi wa Luthuli Avenue, hata awe stadi vipi, aweza kukifuta kirusi asiokoe hata picha moja ya harusi yako. Na malipo hayaendi tena Panama. Hudaiwa kwa bitkoini.

Njia za kuingilia hazijabadilika sana: mtu hukikaribisha kirusi mwenyewe. Huenda ni ankara bandia kwenye baruapepe, flashi iliyotoka saiba ya mjini, au programu ya kulipiwa iliyopakuliwa bure. Vingine hupenya kwenye ufa wa mfumo. WannaCry, kilichosambaa Mei 12, 2017, kilitumia ufa wa Windows ambao Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake tangu Machi. Waliochelewa kusasisha ndio walioumia.

Basi ukiwa nyumbani Kangemi au Lavington, ruhusu masasisho ya Windows, usizime kinga iliyokuja nayo, na kazi za kila siku zifanye kwa akaunti isiyo ya msimamizi. Faili inayoishia na .exe si ankara, hata ikiitwa hivyo.

Zaidi ya yote, nakili faili zako kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Kirusi hufunga kila faili kinayoifikia, hata kwenye diski uliyoiacha imechomekwa. Jaribu mara kwa mara kufungua nakala hizo uone kama ni nzima.

Ukivamiwa, katisha intaneti mara moja na uzuie hamu ya kulipa. Mhalifu hana deni la kutimiza ahadi. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa 2016 kwa ushirikiano wa Europol na polisi wa Uholanzi, hutoa bure funguo za baadhi ya virusi. Nchini, kituo cha KE-CIRT cha Mamlaka ya Mawasiliano, Waiyaki Way, hupokea ripoti za mashambulizi kama haya.