Kodi na Bima ya Afya: Nani Humlipia Mgonjwa?

Mgonjwa anayelipia vidonge katika zahanati ya umma hajalipa gharama yote ya matibabu yake. Ujenzi wa zahanati na mshahara wa mganga hugharimiwa kwa sehemu kubwa na kodi, ambayo kila mkazi huichangia anunuapo soda, sabuni au muda wa maongezi. Uingereza imeifuata njia hiyo kwa upana zaidi tangu mwaka 1948: mwenye kipato kikubwa hutozwa kodi zaidi, na mgonjwa hutibiwa bila kuulizwa alichangia kiasi gani.

Bima ya kampuni binafsi ina utaratibu mwingine. Ada hukadiriwa kwa kuzingatia umri, hali ya afya na huduma zinazohitajika. Mwanachama hupata uhuru wa kuchagua. Lakini mzee na mwenye maradhi ya kudumu, ambao ndio wahitaji wakubwa, huweza kutozwa zaidi au kukataliwa.

Aidha, bima ya hiari ina udhaifu wake: wengi hungoja kuugua ndipo wajiunge. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi, uliokuwa kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ukieleza kuwa wengi walisajiliwa wakiwa tayari wagonjwa. Mfuko hauwezi kudumu ikiwa wazima hawachangii.

Kwa sababu hiyo, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeunganisha michango na kodi. Kujiunga ni wajibu wa kila mkazi. Mchango wa mwajiriwa ni asilimia 6 ya mshahara, nao hugawanywa kati yake na mwajiri. Wasio na uwezo hulipiwa na mfuko maalumu, ambao vyanzo vyake ni pamoja na ushuru wa vinywaji baridi, vileo na vipodozi, na kodi ya michezo ya kubahatisha.

Hivyo, utambuzi wa kaya zisizo na uwezo ni jambo zito. Kaya inayostahili ikiachwa, itauza mbuzi au shamba siku mgonjwa atakapolazwa. Isiyostahili ikiingizwa, inachukua haki ya jirani. Wakazi wanahimizwa kuhudhuria mikutano ya kijiji na mtaa, kutoa taarifa za kweli, na kujiunga wangali wazima. Haba na haba hujaza kibaba.