Mtoto Mchanga Bungeni: Mbunge wa Kawaida Aweza Kutufaa Nini?



Siku ya Jumatano, tarehe 7 Agosti 2019, Mheshimiwa Zuleikha Hassan, ambaye wakati huo alikuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Kwale, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Kitaifa jijini Nairobi akiwa amempakata mwanawe wa miezi mitano. Haukupita muda ukumbi ukachafuka kwa kelele. Aliyekalia kiti cha Spika siku hiyo, Mheshimiwa Christopher Omulele, alimwamuru atoke na mtoto wake, kwa kuwa kanuni haziruhusu asiyekuwa mbunge kuingia mahali pale. Hata mtoto wa kunyonya alihesabiwa kuwa mgeni. Mama yule alitoka, na wabunge wanawake kadhaa wakatoka pamoja naye.

Alieleza baadaye kwamba alipatwa na dharura siku hiyo, naye hakutaka kuiacha kazi aliyotumwa na watu wake. Lau Bunge lingekuwa na chumba cha kuwatunzia watoto, angemweka mwanawe humo. Maneno hayo machache yalifika mbali kuliko hotuba nyingi ndefu, na habari yake ikaenea ndani na nje ya nchi.

Tumeamua kuirejea habari hii, ijapokuwa miaka imepita, si kwa kumsifu mtu wala chama. Katika barza zetu na katika vikao vya akina mama husikika maneno haya: mbunge asiye na cheo hana awezalo, huja wakati wa kura akatupa mkono kisha akapotea. Maneno hayo yana ukweli wake, lakini si ukweli wote. Na asiyejua mjumbe wake aweza nini, hajui amdai nini.

Sheria ilikuwapo, chumba hakikuwapo

Wako waliouliza, je, ni adabu kuingia na mtoto katika baraza la heshima? Swali hilo halina ubaya, kwani kila baraza lina utaratibu wake, na utaratibu ni jambo jema. Lakini kuna swali lililotangulia. Mwaka 2017, yaani miaka miwili kabla ya kisa hiki, Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Afya. Sheria hiyo yamtaka kila mwajiri atenge mahali pa faragha na safi pa kunyonyeshea, penye maji ya kunawa mikono, viti, meza ndogo na chombo cha kuhifadhia maziwa yasiharibike. Yamtaka pia ampe mama nafasi ya kunyonyesha au kukama maziwa, muda usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Basi waliotunga sheria ndio waliokutwa hawana chumba.

Hapa ndipo jambo la mama mmoja lilipogeuka kuwa jambo la umma. Mbunge ana mshahara mnono na aweza kumwajiri yaya wa kumfuata kila aendako. Vipi kuhusu binti yetu anayetandika vitanda katika hoteli za Diani? Vipi kuhusu anayeshona nguo kiwandani, muuguzi wa zamu ya usiku, mwalimu wa chekechea, au aliyesimama nyuma ya meza ya duka tangu asubuhi? Sheria ya Ajira ya 2007 imempa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani nao husema mtoto asipewe chochote ila maziwa ya mama kwa miezi sita ya mwanzo. Hesabu hii haihitaji mwanazuoni: kati ya miezi mitatu na sita pana pengo, na mtoto ndiye anayeanguka ndani yake. Wengi hujikuta wakimwachisha mapema au wakiacha kazi.

Dini yetu haikulinyamazia jambo hili. Katika Suratul-Baqara Mwenyezi Mungu ametaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na ameweka jukumu la kumlisha na kumvisha mama juu ya baba wa mtoto. Imepokewa kwamba Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, alikuwa akiswalisha watu huku amembeba mjukuu wake Umama bint Zaynab, na kwamba alikuwa akisikia kilio cha mtoto katika swala huifupisha, kwa kuuhurumia moyo wa mama yake. Ikiwa safu za swala zilimpa nafasi mtoto, ni kazi gani ya dunia isiyoweza kumfikiria?

Wanahistoria wamesimulia pia kuhusu Sayyidna Umar, radhiya Llahu anhu. Posho ya watoto ilikuwa ikitolewa kwa aliyeachishwa ziwa tu. Usiku mmoja akasikia mtoto akilia mfululizo, akamuuliza mamake. Mama yule, asijue anazungumza na nani, akamjibu kuwa anamlazimisha kuacha ziwa ili apate posho. Umar alilia, kisha akaamrisha kila mtoto apewe tangu kuzaliwa. Kilichobadilisha amri ile ni kilio cha mtoto, mama aliyesema kweli, na kiongozi aliyekuwa karibu kiasi cha kusikia.

Silaha za mbunge asiye na cheo

Bunge letu la Kitaifa lina wabunge 290 wa maeneo, wawakilishi wa wanawake 47 wa kaunti, na 12 wa kuteuliwa, pamoja na Spika. Chini ya Katiba ya 2010, mawaziri si wabunge tena. Basi ukiwaondoa viongozi wachache wa upande wa walio wengi na wa walio wachache, karibu wote waliobaki ni wabunge wa kawaida, wa viti vya nyuma. Hawana wizara wala hazina.

Lakini wana ulimi uliolindwa. Mbunge aweza kudai taarifa rasmi kuhusu jambo linalowasumbua watu wake, kuleta hoja, kuwasilisha malalamiko ya raia, kuwahoji maafisa katika kamati, na hata kuandika mswada wake mwenyewe. Wala haki hii haikupatikana bure. Mwaka 1975, Martin Shikuku, mbunge wa Butere, na Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet na Naibu wa Spika, walitiwa kizuizini kwa sababu ya maneno waliyoyasema Bungeni. Hawakuachiliwa mpaka 1978.

Ama kuhusu mswada, tumtazame Njoki Ndung'u, aliyeingia katika Bunge la Tisa kwa kuteuliwa. Hakuwa waziri, na wanawake walikuwa 18 tu kati ya wabunge 222. Sheria zilizokuwapo kuhusu ubakaji na unajisi wa watoto zilikuwa dhaifu na zimetawanyika. Aliandaa mswada, akavumilia kejeli za baadhi ya wenzake, akakubali baadhi ya vifungu viondolewe ili kilichobaki kipite. Mwaka 2006 ikapatikana Sheria ya Makosa ya Ngono, ambayo hadi leo ndiyo kimbilio la mzazi ambaye mwanawe amedhulumiwa.

Yako pia yanayoshindwa siku yake, kisha yakazaa baadaye. Mwaka 1997 Phoebe Asiyo, mbunge wa Karachuonyo, alileta hoja ya kuwaongezea wanawake nafasi katika uongozi, nayo ikakataliwa. Miaka 13 baadaye, Katiba mpya ikaleta viti 47 vya wawakilishi wa wanawake, na kwa kiti kimojawapo ndipo mama wa Kwale alipoingia ukumbini na mwanawe. Apandaye mnazi si lazima yeye ndiye atakayekunywa madafu yake.

Wajibu wetu sisi tuliotuma

Mjumbe hawezi kusema asichoambiwa. Tujue kwanza mlango wa kubisha. Zahanati ya kijijini, maji ya mtaa na chekechea ni kazi za kaunti, basi tumwendee mwakilishi wa wadi. Vitambulisho, polisi, na sheria za kazi na likizo ya uzazi ni mambo ya taifa, na huyo ndiye mbunge wetu.

Tukimwendea, tusiende na manung'uniko matupu. Kifungu cha 119 cha Katiba kimempa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima. Hutaja shida ni ipi, hatua gani zimekwisha kuchukuliwa kwa wahusika, kwamba jambo hilo haliko mahakamani, na tunataka Bunge lifanye nini. Waombaji huandika majina na anwani zao na kutia saini. Laweza kuwasilishwa na mbunge au kupelekwa kwa Karani wa Bunge. Akina mama ishirini wa kikundi cha akiba, na binti mmoja aliyemaliza sekondari akiwa mwandishi wao, wanatosha kabisa kuliandaa.

Nanyi akina baba, msiliache jambo hili kwa wanawake peke yao. Mtoto anayekatishwa ziwa kwa sababu ya kazi ni wetu sote. Na miongoni mwetu tuliowaajiri wafanyakazi wanawake, madukani, majumbani na hata katika madrasa, tuanze kwa kujiuliza: je, anayenyonyesha tumempa mahali na wakati? Itakuwa aibu kwetu kudai Nairobi kile tusichokitoa Ukunda na Likoni.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape wajumbe wetu ulimi wa kweli, awape watawala wetu masikio ya kusikia, na awahifadhi watoto wetu. Amin.