Je, Wajua? Kijiji Kilichobaki Mahame
Je, wajua kwamba upo mchezo wa video usio na adui wa kupigwa wala hazina ya kutekwa, ambao mchezaji huzunguka ndani yake peke yake, kwa mwendo wa taratibu mno, katika kijiji kilichobaki mahame, akitafuta habari za waliokuwa wakazi wake? Mchezo huo, Everybody's Gone to the Rapture, uliotengenezwa na studio ya The Chinese Room ya Uingereza na kutolewa Agosti 2015, wasimulia mambo ya mwaka 1984 katika kijiji cha kubuni kiitwacho Yaughton, huko Shropshire, ambako simu zalia na redio zanena, lakini hapana hata nafsi moja iliyosalia. Walioghibu huonekana kwa mfano wa nuru, wakirudia mazungumzo yao ya mwisho, ya mahaba na husuda na majuto, na ni juu ya mchezaji kuyaunganisha.

Kinigusacho zaidi ni muziki wake, uliotungwa na Jessica Curry na kupata tuzo ya BAFTA mwaka 2016. Kwani watu wametoweka, lakini sauti za kwaya zasikika juu ya mashamba ya ngano, kana kwamba kijiji chawalilia wenyewe.