Maua ya Kana Penye Baridi Kali

Ukikaa Njombe au Makete, huenda umekwisha kuona jambo hili. Maua ya kana yaliyopendeza mwezi wa Aprili yamekuwa meusi mwezi wa Juni, kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Jalidi imeyaunguza kwa usiku mmoja. Watu wengi hudhani mmea umekufa, nao huung'oa na kuutupa. Hilo ni kosa. Yaliyokufa ni majani tu. Uhai wa kana umo ndani ya ardhi, katika tunguu nene linalofanana na la tangawizi. Ukilihifadhi tunguu hilo, utapata maua kila mwaka bila kununua miche tena.

MAHALI PA KUPANDA. Kana asili yake ni nchi za joto za Amerika, kwa hiyo hupenda jua. Usiku hewa ya baridi huteremka kama maji na kutuama bondeni. Usipande kana katika vinyungu. Chagua mteremko, au kando ya ukuta wa nyumba unaoelekea kaskazini. Mwezi wa Juni na Julai jua hupita upande huo, na ukuta wa matofali uliopata joto mchana huutoa usiku.

KUPANDA. Mvua zikianza, chimba shimo lenye upana wa futi 1½. Changanya udongo na nusu debe la samadi iliyooza. Kata tunguu vipande, kila kimoja kiwe na macho 2 au 3. Kifukie inchi 3 au 4, macho yakielekea juu. Acha futi 2 kati ya shimo na shimo.

KUTUNZA. Palilia, na mvua zikikatika mwagilia maji. Kata maua yaliyonyauka ili mengine yachanue.

WAKATI WA JALIDI. Majani yakisha kuungua, kata mabua, uache inchi 6 juu ya ardhi. Funika shina kwa nyasi kavu, unene wa inchi 6, wala usimwagilie maji tena. Ikiwa udongo wako hutuamisha maji, ng'oa tunguu, likaushe kivulini siku chache, kisha lifukie katika sanduku la mchanga mkavu ndani ya nyumba. Likague kila mwezi, ukate sehemu iliyooza. Jalidi ikiisha, ondoa nyasi ili machipukizi yapate jua.

UGONJWA. Ukiona majani yana michirizi ya manjano, na mmea umedumaa, usiligawe tunguu lake wala usimpe jirani. Ugonjwa huu hauna dawa, nao huenda pamoja na tunguu. Ng'oa mmea, uuchome moto, na usafishe kisu chako kabla ya kukata mwingine.

Ukiwa na shaka, mwonyeshe Bwana Shamba jani lenyewe kabla hujapanda.