Tovuti yako haionekani Google? Mjue mkaguzi kabla ya kumlipa

Viazi vya Busasamana vinafika Goma bila tangazo. Sekta hii ya Wilaya ya Rubavu imepakana na Kongo, udongo wake wa volkano unazaa vizuri, na njia ya kupeleka mzigo sokoni imezoeleka: dalali anapiga simu, gari linapakia, mnunuzi anapokea. Kwa biashara ya namna hiyo, ambayo wateja wote unawajua kwa majina, tovuti si ya lazima. Fedha yako iongeze kwenye mtaji.

Mambo hubadilika pale anapotokea mnunuzi asiyekujua. Mwenye hoteli Kampala, mpishi wa shule Bukavu au msambazaji wa Kigali anayetafuta muuzaji mpya hushika simu na kuuliza Google. Ushirika wa wakulima, ghala, wakala wa forodha au nyumba ya wageni iliyolipia tovuti isiyoonekana katika majibu hayo ni sawa na mtu aliyejenga duka zuri uchochoroni.

Hapo ndipo anapojitokeza “mtaalamu”. Anatuma ujumbe kwa WhatsApp akisema tovuti yako ina makosa makubwa, na kwamba ukimlipa leo ataifikisha nafasi ya kwanza baada ya wiki mbili. Wapo mafundi wa kweli, na wapo wanaoishi kwa ahadi hiyo. Mfanyabiashara anayejua kupima gunia kwa macho anaweza pia kujifunza kuwatofautisha.

Nafasi ya kwanza haiuzwi

Katika maelekezo yake kwa wenye tovuti, Google inasema wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Haipokei malipo ili kuipandisha tovuti katika majibu ya kawaida. Matangazo ya kulipia yapo, lakini hukaa sehemu yake na huwekwa alama ya kuonyesha kuwa ni matangazo. Maelekezo hayo yanaongeza kwamba, kwa kawaida, kazi ya kuboresha tovuti huchukua kati ya miezi 4 na mwaka mmoja kabla ya faida kuonekana.

Kwa hiyo anayeahidi wiki mbili ama hajui kazi yake ama anakudanganya. Mwingine atanunua viungo kwa wingi kutoka tovuti za ovyo ili yako ionekane maarufu. Huo ni udanganyifu unaokatazwa na Google, na adhabu yake inaweza kuwa kushushwa chini kabisa au kuondolewa kwenye majibu. Fundi atakuwa ameshaondoka na hasara itabaki kwako.

Anza na vipimo vya bure

Kabla ya kumtafuta mtu, fanya mwenyewe vipimo vinne. Havigharimu kitu zaidi ya bando.

Cha kwanza, fungua Google uandike site, nukta pacha, kisha jina la tovuti yako bila kuacha nafasi. Zikitokea kurasa zako, Google inaijua tovuti. Isipotokea hata moja, huenda aliyeijenga alisahau kuondoa alama ya noindex, ile inayoizuia Google kuweka kurasa kwenye orodha yake, au aliacha kizuizi katika faili dogo liitwalo robots.txt. Mafundi huweka vizuizi hivyo wakati wa ujenzi ili watu wasione kazi ambayo haijaisha. Kuviondoa ni kazi ya dakika chache; asikutoze nayo bei ya nyumba.

Cha pili, fungua tovuti kwa simu ya bei nafuu, ukitumia bando badala ya Wi-Fi. Google ilikamilisha mwaka 2023 hatua ya kuzipima tovuti kwa jinsi zinavyoonekana kwenye simu. Ukurasa uliojaa picha nzito za magunia unamchosha mteja na unakupunguzia alama. PageSpeed Insights, kipimo cha bure cha Google, kitakuonyesha picha gani zinachelewesha.

Cha tatu, jisajili kwenye Google Search Console, ambayo nayo ni bure. Itakuonyesha maneno ambayo watu waliandika hadi tovuti yako ikatokea, mara ngapi ilitokea, wangapi waliibofya, na kurasa zipi zimekataliwa na kwa sababu gani. Mkaguzi yeyote wa kweli ataanzia hapa. Ukiwa umeshajisajili, atakuta takwimu zinamsubiri.

Cha nne, tazama namba yako ya simu. Ikiwa imeandikwa kwa kuanzia 078, mnunuzi wa Goma au Kampala hawezi kuipiga ilivyo. Weka +250 mahali pa sifuri ya mwanzo.

Kiazi kimoja, majina mengi

Baada ya vipimo hivyo inabaki kazi inayostahili malipo, na kwa mfanyabiashara wa mpakani sehemu yake kubwa ni maneno.

Mnunuzi wa Kigali ataandika ibirayi. Wa Goma au Bukavu anaweza kuandika pomme de terre. Kampala wengi husema Irish. Tanzania ni viazi mviringo au viazi ulaya, na sokoni Nairobi utasikia waru. Anayejua mbegu hatatafuta kiazi chochote tu. Ataandika Kinigi, kwa sababu ndicho anachokitaka. Tovuti iliyoandikwa kwa Kiingereza peke yake, yenye kichwa kinachosifu mazao bora ya kilimo bila kutaja kiazi, Rubavu wala Busasamana, haimjibu hata mmoja wao.

Mkaguzi mzuri atakuuliza maswali kama ya dalali: Unamuuzia nani? Yuko nchi gani? Anaita bidhaa yako nini? Ananunua gunia au gari zima? Kisha atatazama kama kila lugha ina ukurasa wake, kama maandishi yametafsiriwa na mtu au yamepitishwa tu kwenye mashine, na kama Google inaelewa ukurasa upi ni wa nani. Asiyekuuliza lolote kuhusu wateja wako hataikagua biashara yako. Atakuchapishia ripoti ya programu ambayo ungeweza kuipata mwenyewe bila malipo.

Wapi pa kumpata

Njia ya uhakika kuliko zote ni ile ya sokoni: fuata aliyefanikiwa. Andika kwenye Google maneno ambayo mteja angeandika, kwa mfano nyumba ya wageni Gisenyi au wakala wa forodha Rubavu. Ruka matangazo. Tazama tovuti zinazotokea juu, kisha wapigie wenyewe na kuwauliza nani aliwafanyia kazi, walilipa kwa utaratibu gani na kama wangemrudia.

Kuna pia milango rasmi. Kigali kuna Chemba ya TEHAMA iliyo chini ya Shirikisho la Sekta Binafsi, na kLab, kituo cha vijana wa teknolojia kilichofunguliwa mwaka 2012. Jirani na Rubavu, wilayani Nyabihu, Rwanda Coding Academy inafundisha vijana programu za kompyuta tangu 2019. Tahadhari moja: kujua kuandika programu si sawa na kujua ukaguzi wa utafutaji. Ulizia mtu aliyefanya kazi hii hasa.

Wala hulazimiki kumpata karibu. Ukaguzi haupimwi kwenye mzani wala haupangi foleni Petite Barrière. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inagusa huduma pamoja na bidhaa. Mkaguzi aliyeko Nairobi, Kampala au Dar es Salaam anaweza kukufaa, mradi muelewane kwa lugha na mkubaliane njia ya malipo isiyokula fedha yako kwa ada.

Bei na mapatano

Tenganisha kazi mbili: kukagua na kutengeneza. Lipia ukaguzi kwanza, kwa bei moja iliyotajwa tangu mwanzo, kisha uamue nani atatengeneza. Anayekagua akijua kwamba lazima utengenezaji uwe wake atakuwa na sababu ya kuona ugonjwa kila mahali.

Waandikie watu watatu maelezo yaleyale: idadi ya kurasa, lugha, nchi za wateja. Tovuti ya kurasa 10 haiwezi kugharimu sawa na duka la mtandaoni lenye bidhaa 1,000. Kisha piga hesabu kwa kipimo unachokijua. Chukua faida safi ya gari moja la viazi. Ukaguzi unaogharimu kiasi hicho au pungufu unaweza kurudishwa na mteja mmoja mpya anayerudi. Unaogharimu faida ya msimu mzima si wa biashara ya ukubwa wako.

Kabla ya kukubali, mwombe kila mmoja akuonyeshe kosa moja la tovuti yako na akueleze kwa lugha nyepesi kwa nini linakuumiza. Anayejua ataweza kwa simu ya dakika 10. Omba pia namba za wateja wawili wa zamani, na uwapigie kweli.

Mkifikia mapatano, yaandikeni. Ripoti iseme kosa ni nini, ushahidi uko wapi, litatengenezwaje, na lipi lianze. Lipa nusu mwanzoni na nusu baada ya ripoti kuelezwa kwako ana kwa ana au kwa simu. Kama ni kampuni ya Rwanda, iwe imesajiliwa RDB na itoe risiti ya EBM.

Funguo zibaki kwako

Hatari kubwa kuliko bei mbaya ni kupoteza tovuti yenyewe. Mara nyingi aliyeijenga huandikisha jina la tovuti kwa jina lake mwenyewe. Akihama, akigombana nawe au akisahau kulipia mwaka, tovuti inazimika na huna haki ya kuidai kwa urahisi. Majina yanayoishia kwa .rw yanasimamiwa na RICTA. Muulize msajili wako leo ni jina la nani lililoandikwa kama mwenye mali, na ulibadilishe mapema kama si lako au la ushirika wenu.

Mkaguzi hahitaji nenosiri lako. Search Console inakuruhusu kumwongeza kama mtumiaji wa kutazama tu, kisha kumwondoa kazi ikiisha. Google yenyewe inashauri kwamba katika hatua ya ukaguzi usimpe mtu ruhusa ya kubadilisha chochote. Akisisitiza umtumie nenosiri kwa WhatsApp, mazungumzo yaishie hapo.

La mwisho ni wakati. Kwa kuwa matunda ya kazi hii huchukua miezi 4 hadi mwaka, ratiba yake inafanana na ya shamba. Msimu A unaanza Septemba. Anayetaka wanunuzi wapya wakati wa kuvuna aagize ukaguzi kabla ya kupanda, maana magunia yakishajaa ghalani, viazi havitaisubiri Google.